Mpimaji Aliyekaa Mtumbwini

Ya watu siyapendi, lakini haya ya Kiboko lazima niyaseme. Yeye ndiye aliyekuwa akipima mzigo wa mtumbwi mtoni: maji yakifika mstari mweupe ubavuni, basi umezidi. Na alipimia humo humo ndani, kajikalia katikati na tumbo lake.

Siku moja Nungunungu alipakia gunia la muhogo. Wanawe walikuwa ng'ambo, hawajala, wanamwita.

"Mama, maji yamepita mstari. Shusha gunia!"

Akashusha. Maji yako pale pale.

"Shuka na wewe."

"Baba Kiboko, hebu shuka wewe kwanza tuone."

Mbuzi na abiria wenzake wakaangua kicheko. "Makubwa! Akishuka yeye, nani atapima?"

Nungunungu akashuka. Mtumbwi ukafika katikati ya mto, ukazama na abiria wote. Kiboko akatembea zake chini ya maji, akaibuka ukingoni akipiga miayo.

"Nilimwambia yule mama muhogo wake mzito," akawaambia wafiwa waliokuwa wamekuja kusindikiza. "Si mlinisikia?"

Kweli walimsikia. Wakamchongea mtumbwi mwingine, mpana zaidi. Nungunungu hakupakiwa tena, na kule ng'ambo wanawe walishaacha kumwita.