Wino wa Kidole Gumba

Zawena alikuwa ameshachovya kidole gumba kwenye wino, Bi Nyamizi wa ustawi wa jamii alipoivuta ile fomu ya kumtoa mtoto aasiliwe.

“Ana siku ngapi huyu?”

“Tisa.”

“Ah, mwanangu! Mama haweki dole mpaka mtoto atimize wiki sita. Na baba je? Kibali chake kiko wapi?”

“Ningekuwa nampata baba yake, ningekuja hapa?”

Bi Nyamizi akashusha pumzi, akamwonyesha kituo cha watoto ng’ambo ya barabara. Ukutani kulikuwa na kidirisha cha kuachia watoto wachanga. Unamlaza mtoto, unabonyeza kengele, unaondoka. Huulizwi jina wala hushtakiwi.

“Na watakaomlea, nitawachagua?”

“Huchagui. Na habari zake hupewi tena.”

Zawena akacheka kwa hasira. Huku wanataka kumjua mpaka babu yake. Kule hawataki kujua hata kama mtoto ana mama. Wiki sita! Maziwa yamegoma kutoka, na shemeji aliyekuwa akiishi kwake ameshamtupia begi nje.

Akavuka barabara. Ndani ya kidirisha kulikuwa na kigodoro safi. Alimlaza mwanawe, akatafuta pa kufutia wino, kisha akaghairi. Alilishika pindo la kanga aliyomfungia, akalikandamiza dole hapo kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa kusaini.

Mtoto akapiga chafya.

Kengele ilikuwa mbele yake, nyeupe. Dole lilikuwa bado jeusi.