Mbeleko Juu ya Tandiko

Wahenga walikataza kutupa mbeleko hata mwana akifa. Mimi niliikata ya mwana aliye hai.

Siku hiyo nilikuwa najifunza kuongoza farasi wa tiba, anayepandwa na watoto wenye ulemavu ili viungo vyao vipate nguvu. Miguu ya Umurerwa, mtoto niliyepewa, ni dhaifu, basi mama yake akamfunga kwenye tandiko kwa kitenge, kama mgongoni. Sikuliona fundo mpaka farasi alipokunja magoti ili agaegae vumbini.

Fundo halikufunguka. Nikachomoa kisu cha kuchongea kwato, nikakipitisha ubavuni mwa mtoto, ubapa ukimgusa ngozi. Alibana pumzi. Nikakata.

Akaniangukia kifuani. Farasi akabiringika, tandiko likavunjika chini yake.

“Weye! Iyo kitenge mama yangu aliniachia akikufa!” mama wa mtoto akafoka. “Omba pardon mbele ya batu bote!”

“Siombi, mama.”