Hodi Barazani

Ukungu ulikuwa haujaondoka mjini pale Kitwana aliposikia hatua zikija barazani. Alijikunyata juu ya boksi lake alilolitandaza kulalia, lililoziba mlango wa duka, akisubiri kumwagiwa maji. Ndivyo mwenye duka alivyozoea kumwamsha. Lakini duka lilikuwa limeuzwa, na miguu ya leo ilisimama palepale boksi lilipoishia.

“Hodi,” mwanamke akasema.

Kitwana akageuka kumtafuta anayebishiwa hodi. Hapakuwa na mtu mwingine.

“Hodi. Mwenyewe yupo?”

Jibu alikuwa nalo zamani, enzi zile ana mlango. Akalipapasa kichwani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Mwanamke hakupiga hodi ya tatu, maana hiyo isipojibiwa mgeni huondoka. Alingoja tu, funguo mkononi, ukungu ukimpita mabegani.

“Karibu,” Kitwana akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

“Ahsante, kaka. Naitwa Zumaradi. Naomba nipite nikafungue.”

Akavua kandambili zake, akazipanga chini, nje ya boksi. Kitwana akasogea haraka, akaanza kupangusa vumbi kwa kiganja, upande wa mgeni.