Makosa ya Karani

Bibi Elida alitoa mkono wa kushoto.

"Wa kulia, Bibi," alisema Katekista Feliksi, akisogeza pedi ya wino. "Karatasi inataka gumba la kulia."

"Gumba ni gumba."

"Kamwambie afisa hayo. Mimi natumwa tu."

Bibi Elida aliuacha mkono wa kushoto palepale mezani. Wa kulia ulikuwa mapajani, umekunjwa ngumi ndani ya kitenge. Regina, mjukuu wake, hakumlaumu. Yeye mwenyewe, tangu watoke nyumbani Bangwe, alikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi: anajua ni wake, ila hausikii.

Ng'ambo ya meza aliketi Siwema, mkimbizi wa Fizi aliyeletwa na vita hii mpya, amevaa sweta la msaada lililomzidi mabega. Wiki mbili nyuma, Regina akigawa uji kwenye kituo cha wakimbizi, mwanamke huyu mzee alimshika mkono, akautazama mwanya wa meno yake, akasema, "Tabu." Regina akamwambia yeye si Tabu. Mzee akatabasamu, na mwanya wake ukaonekana. Ulikuwa uleule.

"Ujiji nzima ina mwanya," Katekista alisema siku walipomfuata. "Tuwaandike wote ndugu?" Hata hivyo alikwenda stoo kulitafuta daftari.

Lilikuwa daftari la misheni la mwaka 1964, la watu waliovuka ziwa kukimbia vita ya zamani, kingo zake zimeliwa na mende. Siku zile karani alipita ufukweni akiandika familia bila kuuliza sana. Mtoto aliyeshika kitenge cha mwanamke aliandikwa chini ya mwanamke huyo, basi. *Elida, mtu mzima. Marcelina, mtoto, miaka minne.* Marcelina ndiye mama yake Regina. Walimzika mwaka juzi.

Kurasa tatu mbele, siku ileile, alikuwamo Siwema. Kando ya jina lake: *mtoto mmoja, amepotea.*

Regina alimkuta Bibi Elida uani akichambua dagaa, akamweleza yote. Bibi hakubisha.

"Kweli. Mama yako sikumzaa mimi," alisema. "Karani alikosea."

Akaendelea kuchambua. Regina naye akachuchumaa kumsaidia, kwa kuwa dagaa walikuwa wengi.

Sasa ilibaki karatasi. Lori la kupeleka watu kambini, kule Kasulu, lilikuwa linaondoka kesho asubuhi, na Siwema alikuwamo kwenye orodha. Afisa alikubali abaki kwa mjukuu wake kwa sharti moja: Elida athibitishe kwa gumba lake kwamba mtoto yule aliandikwa chini yake kwa makosa ya karani.

"Mulimwitaka nani?" Siwema aliuliza ghafla.

"Marcelina," alijibu Bibi Elida.

"Jina la nani?"

"La wangu. Alibaki ziwani."

Siwema akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia ya sokoni. "Pole, mama." Kisha akasema, "Boti yetu ilipinduka tukiwa tumeshaona moto wa watu ufukweni. Miye nikatoka. Nilipita ufukwe wote nikimwita, boti ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilipita mara tatu. Tabu alikuwa mtoto wa kuitika haraka, hata akiwa na usingizi anaitika. Hakuitika. Nikajua ziwa limemukula."

Hakulia. Regina alijaribu kulitafuta chozi lake mwenyewe, hakuliona.

"Bibi, mkono," alisema. "Tutachelewa."

"Kovu linaniuma."

"Singa wa mwaka gani huyo anayeuma mpaka leo?"

Kovu lile Regina alilijua vizuri. Lilikuwa katikati ya kiganja cha kulia, upinde wa vidoti uliokatika katikati. Utotoni alikuwa akilipitishia kidole huku bibi akimsimulia jinsi singa, samaki wa ziwani, alivyomng'ata alipokuwa akimchomoa kwenye ndoana.

Katekista alichoka kungoja. "Basi tuanze na Mama Siwema, naye anatakiwa aweke lake."

Siwema hakusita. Aliunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, kiganja wazi.

Katikati ya kiganja palikuwa na upinde wa vidoti, uliokatika katikati.

"Hata wewe singa, Bibi?" Regina aliuliza.

"Singa gani?" Siwema akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Si ni Tabu huyu! Tulipokuwa tunaondoka kwetu, askari walikuwa karibu, naye akataka kulia. Nikamuziba mdomo. Akaniuma mpaka damu. Hakupendaka kuzibwa mdomo, mtoto yule. Tazama, hata mwanya wake huu hapa."

Katekista alikuwa ameinama akifungua kopo jingine la wino.

Bibi Elida akautoa mkono wa kulia ndani ya kitenge. Akaukunjua, akauweka mezani kando ya ule wa Siwema.

"Alitaka kuitika," alisema.