Baba Haliagi na Watu

"Toa mkono kwenye sinia, Baba Rukia! Jiko litatuzimia."

"Tonge moja tu, mke wangu."

"Tonge moja ndilo lililozima jiko kwa Mama Shani, watoto wakala mihogo mibichi wiki nzima."

Hamduni akaurudisha mkono. Ndiyo sheria, bwana. Mwanaume akianza kupukutika nywele kwa sababu ya homoni, anakula mlo wake peke yake mpaka zirudi, na jiko la nyumbani linanusa vidole vya kila mtu. Mwaka wa nne huu anatafuna mbegu za maboga na mchicha, anashushia na chai ya mitishamba, na utosi bado unang'aa kama sufuria jipya. Pilau la Ijumaa analijua kwa harufu tu.

"Hazioti hizi, Ziada. Marehemu baba alikuwa hivihivi, na watu walikula naye, kabla majiko hayajaanza kunusa."

"Utakula nasi zikiota."

"Na zisipoota?"

Ziada akawa anachambua nyama. Hamduni akamgeukia binti yake wa miaka mitatu.

"Rukia, mkaribishe baba basi."

Mtoto akamtazama, akalivuta sinia upande wake.

"Baba haliagi na watu," akasema, taratibu kabisa, kama anamwelekeza mgeni.

Ziada akainama. Hamduni akanawa mkono ambao haukushika hata punje, akaufuta kwenye suruali, akatoka, akafunga mlango.