Pacha Aliyebaki Nyumbani

Jirani yetu, Mama Eliamani, anadai kwamba siku nilipoachishwa kazi Dar, pacha wangu alisimama jikoni, mwiko mkononi, machozi yakamtoka, kisha akaendelea kusonga ugali.

Kila anayekwenda kufanya kazi mjini hutengenezewa pacha wa kubaki na wazazi. Ana sura yako, sauti yako, hata kikohozi chako. Ukirudi, mzazi ndiye anayemzima. Wewe huruhusiwi kumgusa.

"Mama yako amenenepa," Mama Eliamani aliniambia njiani, akinisaidia begi. "Na huyo hanuni kama wewe, mwanangu."

Nilicheka.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikajikuta napiga hodi kwetu, kama mgeni. Nikachungulia dirishani: mama amekaa mkekani, pacha nyuma yake anamsuka, kama nilivyokuwa nikimsuka mimi.

"Mama, kuna mtu mlangoni," sauti yangu ilisema mle ndani.

"Mama, ni mimi, Namkunda. Nimerudi moja kwa moja. Mzime huyo, unifungulie."

Mama aliinamisha kichwa taratibu, ili amaliziwe msuko wa kisogoni.