Mfuko wa Ubavuni

Mfuko ulivuja fundi cherehani akiwa amepiga goti, akimpima mteja urefu wa suruali. Maji yakamteremka pajani mpaka kwenye kiatu. Mteja, mwalimu aliyezoea kumtania, akageukia ukutani kama asiyeona kitu.

"Pole, fundi," alisema. "Mungu yupo."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, alinyanyua macho, akayarudisha kwenye sindano.

Mwalimu alipotoka, mke akasema, "Umeona? Hayo si maisha."

"Ni maisha. Gundi tu haikushika."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Tangu dripu ya kwanza fundi alikuwa amenyoa kipara, na mtaa mzima ulijua kwamba saratani imeingia nyumba ile. Daktari hakuumauma maneno. Dawa zimeupunguza uvimbe, hazijaumaliza. Kibofu kitolewe chote kabla ugonjwa haujasambaa. Kisha mkojo upitie mfuko wa ubavuni, au kishonwe kibofu kipya kwa kipande cha utumbo. Ila figo zimechoshwa na dawa, na hicho kipya kingekuwa kubahatisha. Kuacha mambo yalivyo hakukuita njia, alikuita kifo. Ndiko mke alikokutaka. Jibu lilisubiriwa kesho yake asubuhi.

"Tukae zetu nyumbani," alisema tena jioni ile wakifunga duka. "Siku zilizobaki tuzimalize kwa heshima."

Fundi akatia komeo mlangoni. Hakuwahi kumkabidhi mtu nguo ambayo hajaivaa mwenyewe, hata gauni, na wateja walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka. Wiki nzima alilala na mfuko, akaamka shuka limelowa, akashona mshipi wa kuushikilia, akaufumua, akaushona upya. Kisu hakikumtisha, wala mfuko. Alichoogopa ni kushindwa kumgeuza moyo mwanamke huyu.

Akaufunga mshipi mpya, akavaa shati juu yake, akauvuta mkono wa mkewe hadi ubavuni.

"Unahisi kitu?"

"Hapana."

"Umejaa mpaka juu."

Akarukaruka katikati ya duka kama mwehu. Halikudondoka hata tone. Mke alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio, na fundi naye akashindwa kujizuia.

"Usiniache," alimwambia. "Nakuomba, mama watoto. Usiniache."

Asubuhi daktari aliwauliza wameamua nini.

"Mfuko," alisema mke, kabla fundi hajafungua mdomo.

Muuguzi akavuta pazia, akatoa kalamu ya kuchora mahali utakapokaa. "Haya, mgonjwa, panda kitandani."

Fundi akasogea kando. Mkewe akafungua mtandio, kichwa kikabaki bila unywele hata mmoja, akalala chali na kupandisha blauzi.

"Chora hapo hapo anapouvaa yeye," alisema.